Maswali ya Wasomaji: Kuhamisha Kanda na Santuri Kwenye Kompyuta na Kuhifadhi Muziki kwa Mpangilio

Barua za mwezi huu zimenifurahisha, kwa kuwa karibu zote zinahusu jambo ambalo limekaa moyoni mwangu kwa miaka mingi: namna ya kuutoa muziki katika kanda, santuri na flashi zilizotapakaa majumbani mwetu na kuuweka kwenye kompyuta kwa mpangilio utakaodumu. Nimechagua barua sita na kuzifupisha bila kubadili maana yake. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa sababu ndiyo mzizi wa zote.

«Ndugu Mhariri, shikamoo. Marehemu baba yangu ametuachia kabati lenye kanda zisizopungua 200: taarabu za Black Star na Lucky Star, dansi la Atomic na Jamhuri, na nyingi nyingine alizozirekodi mwenyewe kutoka redioni. Fundi mmoja hapa mjini amejitolea kuzigeuza zote ziwe MP3 na kuzitia kwenye flashi moja, na malipo anayotaka ni kubaki na kanda zenyewe. Je, nikubali?» – Mrithi wa Kabati, Tanga

Marahaba, ndugu yangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu mzee. Usikubali. Simtuhumu fundi huyo kwa nia mbaya, lakini anachokupa ni nakala ya kusikiliza, ilhali wewe unahitaji nakala ya hifadhi, na hivyo ni vitu viwili tofauti. Nakala ya kusikiliza hutengenezwa iwe ndogo ili ienee kwenye simu. Nakala ya hifadhi hutengenezwa mara moja, kwa ubora wote ambao kanda bado inao, na kutoka humo ndipo zitakapotolewa nakala nyingine zote, za leo na za wajukuu zako.

MP3 hupata udogo wake kwa kutupa sehemu za sauti ambazo sikio la kawaida hudhaniwa haliwezi kuzitambua, na kilichotupwa hakirudi. Kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde, ambacho kimezoeleka sana, dakika moja ya muziki huchukua karibu megabaiti 1 tu. Dakika hiyo hiyo kwa kiwango cha CD, yaani sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde zenye biti 16 kila moja, kwa kila upande wa stereo, huchukua zaidi ya megabaiti 10. Chama cha kimataifa cha wahifadhi wa sauti, IASA, kinashauri kwamba uhamishaji wa aina hii ufanywe kwa sampuli zisizopungua 48,000 kwa sekunde na biti 24, na kwa kiwango hicho dakika moja hufikia megabaiti 17 na ushei. Tupige hesabu ya kabati lako. Kama kila kanda ni ya dakika 90, basi kanda 200 ni saa 300 za sauti, nazo zitachukua takriban gigabaiti 311 kabla ya kubanwa. Diski moja ya nje ya terabaiti 1 itazimeza zote na nafasi ikabaki. Wakati ule MP3 ilipoenea, miaka ya mwisho ya 1990, diski zilikuwa ndogo na udogo wa faili ulikuwa hoja ya kweli. Kwa kabati la ukubwa wa lako, leo hoja hiyo haipo tena.

Faili hizo baadaye utazibana kwa FLAC, fomati isiyo na malipo iliyotolewa mwaka 2001, ambayo hupunguza ukubwa wa faili bila kupoteza chochote: ukiifungua unaipata sauti ile ile, biti kwa biti. Taasisi kubwa hupendelea kuhifadhi kwa WAV, fomati ya sauti isiyobanwa, nami sina ugomvi nazo, lakini kwa hifadhi ya nyumbani nashauri FLAC kwa kuwa inabeba maelezo ya wimbo ndani yake bila taabu, na pia inabeba alama ya uhakiki ambayo itakujulisha siku faili itakapoharibika hata kidogo.

Sasa tuje kwenye kanda yenyewe, maana kazi nyingi huharibikia hapa kabla kompyuta haijawashwa. Chukua kanda moja mkononi. Kwenye ukingo ulio mkabala na mdomo wa utepe kuna vijino viwili vya plastiki; kama bado vipo, vivunje, ili hata mtu akibonyeza kitufe cha kurekodi kwa bahati mbaya, mashine ikatae. Tazama kupitia kidirisha: utepe ukionekana kama umenyunyiziwa unga mweupe, huo ni ukungu, na kanda hiyo iweke kando kwenye mfuko wake peke yake, kwa sababu ukungu huhamia kwenye mashine na kutoka kwenye mashine ukaziambukiza kanda zote zinazofuata. Katikati ya mdomo kuna kipande kidogo cha sufi kilichobandikwa juu ya kibati chembamba, na kazi yake ni kuusukuma utepe ugusane na hedi, yaani kile kichwa cha mashine kinachosoma sauti. Gundi ya kipande hicho hukauka kwa umri, sufi ikadondoka, na sauti ikawa inafifia na kurudi; watu wengi hudhani kanda imekufa, kumbe utepe ni mzima na unachohitaji ni kuhamishiwa kwenye ganda la kanda nyingine. Ganda lenye skrubu hufunguka kwa bisibisi ndogo. Lile lililounganishwa kwa joto litabidi ulipasue polepole kwa wembe, juu ya meza yenye mwanga, bila kuvuta utepe.

Kabla ya kurekodi, izungushe kanda hadi mwisho na kuirudisha, ili utepe ambao haujatembea kwa miaka mingi uachane vizuri. Kanda za dakika 60 na 90 huvumilia. Za dakika 120 zina utepe mwembamba mno, nami huzizungusha kwa kalamu kwa mkono, kama tulivyokuwa tukifanya zamani kwa ajili ya kuokoa betri.

Mashine ya kuchezea ndiyo mahali pa kuweka fedha zako. Vile vichezeo vyepesi vya bei ndogo, vinavyochomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta, mwendo wake hauko imara, na sauti ya mwimbaji huyumba kama inayopeperushwa na upepo. Tafuta deki ya kaseti ya zamani iliyo nzima, umpelekee fundi redio abadilishe mikanda ya mpira, kisha umwombe ahakikishe kwamba utepe unakwenda kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde, ambao ndio mwendo wa kaseti tangu Philips walipoileta mwaka 1963. Hedi isafishe kwa pamba na spiriti kila baada ya kanda chache. Pamba ya kwanza hutoka na rangi ya kahawia kama ya kutu. Endelea mpaka itoke nyeupe.

Kuna jambo moja ambalo hata mafundi hulisahau. Pembeni mwa hedi kuna skrubu ndogo inayoinamisha hedi kwa kiasi kidogo sana kushoto au kulia. Kila redio iliyorekodi kanda za baba yako ilikuwa na mwinamo wake, na hedi ya deki yako isipolingana na mwinamo huo, sauti nyembamba zote hupotea: matoazi, nyuzi za fidla, na ile «s» ya mwimbaji. Weka kanda icheze, vaa spika za masikioni, zungusha skrubu hiyo robo kwa robo, na utasikia wimbo uliokuwa kama umefunikwa blanketi ukifunguka. Fanya hivyo kwa kila kanda. Ni kazi ya nusu dakika, na hakuna programu yoyote ya kompyuta itakayoweza kuirudishia kanda kile ambacho hedi haikukisoma.

Kutoka kwenye deki, pitisha sauti kwenye kifaa cha nje cha kuingizia sauti kinachochomekwa kwenye kompyuta, wala usitumie tundu la maikrofoni la laptopu, ambalo mara nyingi hupokea upande mmoja tu wa sauti na kuongeza mvumo wake. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha kabisa. Weka kiwango ili sauti kubwa kuliko zote ibaki kama desibeli 6 chini ya kikomo, kwa sababu sauti ikigonga kikomo hupasuka na haitengenezeki. Zima milio yote ya kompyuta. Rekodi upande mzima wa kanda kama faili moja, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kukata chochote.

Nasisitiza hili la kutokata. Katika kanda alizozirekodi mzee kutoka redioni, kati ya wimbo na wimbo utamsikia mtangazaji akitaja jina la bendi, salamu za wasikilizaji, pengine saa ya taarifa ya habari, na pengine sauti ya mzee mwenyewe akiita mtu apunguze kelele. Hivyo vyote ni sehemu ya hifadhi. Mtangazaji wa zamani wa Radio Tanzania akisema kwamba wimbo ni mpya, amekupa ushahidi wa tarehe ambao huenda usiupate penginepo. Vilevile usiuondoe mvumo wa kanda katika nakala ya hifadhi. Programu za kusafisha sauti huondoa mvumo pamoja na pumzi ya mwimbaji. Zitumie, ukipenda, kwenye nakala ya kusikiliza peke yake.

Saa 300 hazihamishwi kwa siku mbili, kwa kuwa kanda huchezwa kwa mwendo wake wa kawaida. Ukifanya kanda mbili kila siku utamaliza kwa siku 100. Anza na zile alizozirekodi baba yako mwenyewe, maana nakala ya kanda iliyouzwa dukani huenda iko kwa mtu mwingine, lakini hizo zake hazipo popote pengine.

«Assalaam aleikum. Nina nyimbo kama 6,000 za MP3 nilizokusanya kwa miaka mingi kwa marafiki na kwenye maduka ya kurekodia. Kijana wangu ameniambia FLAC ni bora zaidi. Je, nizigeuze zote ziwe FLAC?» – Mpenzi wa Taarabu, Mombasa

Wa aleikum salaam. Usizigeuze. Nazi ikishakamuliwa, machicha yakitiwa maji tena hayatoi tui zito la kwanza, hata uyatie kwenye sufuria kubwa namna gani. MP3 uliyoigeuza kuwa FLAC inakuwa faili kubwa yenye sauti ile ile iliyopungua, na baya zaidi ni kwamba miaka kumi baadaye wewe au kijana wako mtaiona FLAC hiyo, mtadhani ni nakala bora, na mtaifuta MP3 iliyokuwa na ukweli wa asili yake. Ziache kama zilivyo. Wala usizigeuze kutoka MP3 kwenda fomati nyingine ndogo ndogo, kwa sababu kila mgeuzo wa namna hiyo hutupa tena.

Kazi yako ni ya kuchambua. Kwanza tafuta nyimbo zilizojirudia, na kati ya nakala mbili za wimbo mmoja ubaki na ile iliyo bora kwa sikio lako, usiangalie ukubwa wa faili peke yake, maana kuna watu wamezikuza faili za kilobiti 64 zikawa za kilobiti 320. Njia moja ya kuwagundua ni kuifungua faili katika Audacity na kutazama mchoro wa mawimbi kwa masafa: faili iliyowahi kupitia kilobiti 128 kwa kawaida huonyesha ukuta uliokatwa mnamo kilohezi 16, na juu yake hakuna kitu, hata kama jina la faili linadai ubora mkubwa. Baada ya hapo, wimbo unaoupenda sana na ambao nakala yake ni mbovu uandike kwenye orodha, na uanze kuitafuta kanda au CD yake ya asili kwa jamaa na majirani. Mombasa bado ina kanda nyingi chini ya vitanda.

«Mheshimiwa Mhariri, nimeanza kupanga nyimbo za dansi kwenye folda, lakini nimekwama. Bendi moja ina majina manne. Nyimbo za NUTA, JUWATA, OTTU na Msondo Ngoma niziweke pamoja au mbalimbali? Na miaka nisiyoijua niandike nini?» – Mwanadansi, Morogoro

Swali hili nimelipenda kuliko yote, kwa sababu limeuliza kile ambacho programu za kigeni za kupangia muziki hazikijui. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadilika, jina la bendi lilibadilika nacho, likawa JUWATA, likawa OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Kwa hiyo jina lenyewe ni tarehe. Ukiziweka nyimbo zote chini ya «Msondo Ngoma» umefuta taarifa muhimu. Ukizitawanya bila kuziunganisha, mtu anayetafuta historia ya bendi hataiona nzima.

Ninavyofanya mimi ni kuandika katika sehemu ya msanii jina lile lililotumika wakati wa kurekodi, kisha katika sehemu ya mkusanyiko au ya maoni naandika jina moja la kudumu linalozifunga zote. Vivyo hivyo kwa Mbaraka Mwinshehe: nyimbo zake za Morogoro Jazz ziitwe za Morogoro Jazz, na zile za baadaye ziitwe za Super Volcano, na jina lake yeye liwe katika sehemu ya mwimbaji na ya mtunzi kote kuwili. Anayemtafuta Mbaraka atampata, na anayeitafuta bendi ataipata pia.

Sehemu za maelezo zijaze zote unazozijua kwa hakika: mtunzi, mwimbaji kiongozi, waitikiaji, mpiga gita la solo, mahali pa kurekodia, na chanzo cha nakala yako, yaani kama ni kanda, santuri au redio. Programu ya Mp3tag au MusicBrainz Picard itakuwezesha kuziandika nyimbo nyingi kwa pamoja, ila usiiachie Picard ijaze yenyewe muziki wetu kutoka mtandaoni bila kukagua, kwa kuwa nyimbo nyingi za dansi na taarabu hazimo humo, au zimo kwa majina yaliyokosewa. Mwaka usioujua usiubuni. Andika «miaka ya 1970» kwenye maoni kama una sababu ya kuamini hivyo, na taja sababu yenyewe. Vinginevyo acha wazi. Tarehe ya kubahatisha ikishaandikwa ndani ya faili hunakiliwa na kila mtu, na baada ya muda hakuna atakayejua kwamba ilikuwa kisio.

Mambo matatu madogo yatakuokolea muda. La kwanza ni namba: andika 01, 02, 03, kwa sababu kuna vifaa vitakavyoiweka 10 kabla ya 2. La pili ni ile alama ya ng'. Kompyuta ina alama mbili zinazofanana machoni, moja iliyonyooka na moja iliyopinda, na wimbo wenye neno «ng'ombe» ulioandikwa kwa alama moja unaweza usionekane ukiutafuta kwa nyingine. Chagua iliyonyooka na uitumie daima. La tatu ni heshima za majina. Ukiacha programu ipange yenyewe, Bi Kidude na mabibi wote wa taarabu watarundikana chini ya B, na wazee wote chini ya M. Programu nyingi zina sehemu ya jina la kupangia, tofauti na jina la kuonyesha. Humo andika «Kidude, Bi», na jina lenye heshima yake libaki palepale pa kuonekana. Wala usiwapange wasanii wetu kwa jina la mwisho kama wanavyofanya Wazungu, kwani hakuna atakayemtafuta Siti binti Saad chini ya Saad.

Folda zenyewe ziwe chache na za kueleweka: bendi, ndani yake kanda au albamu, ndani yake nyimbo. Nimeona watu wakipanga kwa hisia, «za huzuni» na «za harusi», na baada ya mwaka wao wenyewe hawakumbuki wimbo gani waliuweka wapi.

Na jambo la mwisho kwako, ambalo ni kubwa kuliko hayo yote. Morogoro bado wapo wazee waliopiga na waliocheza dansi hizi. Chukua simu yako, uwachezee nyimbo zisizo na majina, na uwarekodi wakieleza nani anaimba na nani anapiga. Faili ya mazungumzo hayo iweke katika folda ile ile ya wimbo. Nyimbo utazihamisha hata mwakani. Wazee waendee wiki hii.

«Assalaam aleikum. Bibi yetu alitoka Unguja na sanduku la santuri nzito nyeusi, na baadhi zina lebo yenye picha ya mbwa. Tunayo mashine ya kisasa ya kuchezea santuri. Je, tuzicheze na kuzirekodi?» – Wajukuu, Muscat

Wa aleikum salaam. Msizicheze kwa mashine hiyo kabla ya kusoma majibu haya. Santuri nzito za namna hiyo huzunguka mara 78 kwa dakika na mfereji wake ni mpana zaidi ya ule wa santuri za plastiki zilizokuja baadaye. Sindano ya kisasa, yenye ncha ya kama mikroni 18, huzama chini ya mfereji na kukwaruza takataka zilizoko humo; inayotakiwa ni ya kama mikroni 76, na huuzwa mahsusi kwa santuri za 78. Mashine nayo lazima iwe na mwendo huo wa 78. Santuri hizo kwa kawaida ni za shelaki, na shelaki huyeyushwa na spiriti, kwa hiyo zisafisheni kwa maji safi yenye tone la sabuni laini, bila kuilowesha lebo, na mzikaushe kwa kitambaa kisicho na nyuzi. Yenye ufa msiicheze kabisa.

Kabla ya lolote, pigeni picha za lebo pande zote mbili, pamoja na zile namba zilizochorwa kwenye sehemu laini kati ya lebo na mfereji, kwa kuwa kwa namba hizo watafiti huweza kutambua lini na wapi santuri ilirekodiwa. Lebo ya mbwa ni ya His Master's Voice, kampuni ambayo Siti binti Saad na wenzake walisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kuirekodia. Sanduku lenu huenda lina sauti za safari hiyo au za miaka iliyofuata, nami nawasihi msiuze hata moja kabla ya kuzitambua zote.

«Bwana Mhariri, flashi yangu ya gigabaiti 64 yenye nyimbo zote za marehemu mjomba imekufa ghafla, kompyuta haiioni. Niweke wapi muziki ili usipotee tena?» – Mwenye Majonzi, Nairobi

Pole sana. Usiendelee kuichomeka mara kwa mara. Mtafute fundi wa kuokoa data, kwa sababu wakati mwingine kilichokufa ni plagi tu na kumbukumbu ni nzima.

Kwa siku zijazo, weka nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja kati ya hizo ikae nje ya nyumba yako. Diski mbili za nje, zilizonunuliwa kwa nyakati tofauti, na moja iwe kwa ndugu katika mji mwingine, zinatosha pamoja na nakala iliyoko kwenye kompyuta yako au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Flashi ni ya kubebea, si ya kuhifadhia. CD za kuchoma nyumbani nazo zisitegemewe, hasa katika joto la pwani. Diski usiiache imechomekwa kila siku; umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo unaweza kuiua pamoja na kompyuta. Mara mbili kwa mwaka zitoe zilipo, uzikague: programu ya FLAC ina amri ya kujaribu faili zote na kukutajia iliyoharibika, nawe utairudishia kutoka kwenye nakala nyingine iliyo nzima. Kila baada ya miaka kama mitano, hamishia diski mpya kabla ya kuukuu haijakulazimisha.

«Mhariri, nimemaliza kuzihamisha kanda zangu zote. Naruhusiwa kuziweka mtandaoni? Na kanda zenyewe sasa nizitupe?» – Aliyemaliza, Dar es Salaam

Hongera kwa kazi kubwa. Kuweka mtandaoni ni kuchapisha, na muziki huo una wenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtunzi kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na Zanzibar ina sheria yake. Waulize wasimamizi wa hakimiliki, yaani COSOTA, au COSOZA kwa upande wa Zanzibar, na zaidi ya yote zitafute familia za wasanii. Wengi wao hawajawahi kupata nakala nzuri ya kazi ya baba au mama yao, na CD moja utakayowapelekea itakuwa na thamani kuliko watazamaji elfu.

Kanda usizitupe. Mwaka 2006 nilizihamisha kanda 40 za mama yangu kwenye kompyuta, kwa MP3 za kilobiti 128, nikaridhika, nikazitoa kabatini na kumpa mtu aliyekuwa akikusanya plastiki. Miaka minane baadaye nikapata deki nzuri na kujifunza haya ninayowaandikia, na kanda hazikuwepo. Katika moja ya hizo mama anaimba jikoni huku redio ikicheza nyuma yake, na leo sauti yake ninayo, lakini kwa mbali, kama mtu anayeimba nyuma ya mlango uliofungwa. Kwa hiyo wewe zizungushe hadi mwisho wa upande mmoja, zirudishe kwenye vikasha vyake pamoja na karatasi zake, zisimamishe wima kama vitabu katika sanduku lenye vifuko vya kunyonya unyevu, na uliweke mbali na spika kubwa na jua la dirishani. Juu ya kila kikasha andika namba ile ile uliyoipa faili yake.